Jino juu ya bati

Usiku wa tatu tangu mdogo wake alazwe, binti yangu aliniuliza swali ambalo sikuwahi kuulizwa na mtoto yeyote, na mimi nafundisha darasa la awali kwa mwaka wa kumi na mbili sasa.

"Mama, mtoto akifa, mimi nitafungwa?"

Nilikuwa nimerudi nyumbani mara moja tu, kuoga na kuchukua khanga safi na chupa ya chai. Mama yangu mzazi alibaki wodini na mtoto. Yule mdogo alikuwa na miezi mitano. Nimonia ilimshika ghafla: asubuhi tulidhani ni mafua, jioni alikuwa anahema mbio mbio na mbavu zinaingia ndani kila anapovuta pumzi. Walimwekea mpira wa oksijeni puani na kumwanzishia sindano. Katika kuhangaika huko sikupata kumtazama dada yake vizuri. Jirani aliyekuwa akimwangalia aliniambia hali chakula, anachota uji kijiko kimoja, anaumeza kama dawa, kisha anasukuma bakuli. Nikasema moyoni kwamba ana wasiwasi kama sisi wote, atakula.

"Ufungwe kwa nini, mwanangu?"

Akalia kwanza. Kisha akanieleza kwa mpangilio, kama mtu aliyekwisha kulirudia jambo kichwani mara nyingi. Wiki moja kabla ya hapo jino lake la chini lilikuwa limeng'oka. Kwetu jino la utoto halitupwi jalalani. Hurushwa juu ya paa, na anayelirusha huomba apewe jipya. Nilipokuwa mdogo sisi tulikuwa tunaliomba jua. Wenzangu wengine walikuwa wanamwomba panya, kwa kuwa meno ya panya hayaachi kukua. Nyumba yetu hapa Dar es Salaam imeezekwa kwa bati, na jino likitua juu ya bati hutoa mlio mdogo, ti, halafu kimya. Ule mlio ndio uliomhakikishia kwamba limefika.

Lakini hakuomba jino. Aliomba mtoto arudi alikotoka.

Na alikotoka ni wapi? Tulimwambia sisi wenyewe. Siku mdogo wake alipoletwa nyumbani aliuliza huyu katoka wapi, na baba yake, bila kufikiri sana, akamjibu kwamba tumemtoa hospitali. Kwa hiyo usiku ule tulipotoka na bajaji, mtoto nimemfunika khanga, yeye amesimama mlangoni kashikwa mkono na jirani, aliliona ombi lake likitimizwa neno kwa neno. Mtoto alikuwa anarudi hospitali.

Nilifungua mdomo niseme yale ambayo watu wazima husema: hakuna kitu kama hicho, acha kuwaza, nenda ukalale. Nikajizuia. Nimewahi kuwa mtoto wa namna ile, na najua maneno hayo hayaingii.

Chuo cha ualimu tulifundishwa habari za Jean Piaget, yule Mswisi aliyetumia miaka mingi kuwauliza watoto maswali na kuyachukua majibu yao kwa uzito. Kitabu chake kuhusu jinsi mtoto anavyoiona dunia kilitoka mwaka 1926. Aliwauliza watoto kwa nini mwezi unakwenda, kwa nini mawingu yanasogea, na wadogo wakamjibu kwamba mwezi unawafuata wao, na kwamba mawingu yanakwenda kwa sababu sisi tunatembea. Kwa mtoto wa kati ya miaka miwili na saba, alisema Piaget, mpaka kati ya kinachopita kichwani na kinachotokea nje bado haujachorwa sawasawa. Nilijibu swali hilo kwenye mtihani, nikapata alama zangu.

Ambalo mtihani haukuuliza ni upande wa pili wa imani hiyo. Mtoto anayeamini kwamba mwezi unamfuata ana sababu zile zile za kuamini kwamba hasira yake inaweza kumuua mtu. Watu wazima tunaupenda ule upande wa kwanza. Tunacheka, tunamrekodi kwa simu, tunawatumia mashangazi. Upande wa pili mtoto anaubeba peke yake usiku, kwa sababu ni siri ya aibu na wale ambao angewaambia ndio hao hao anaodhani amewadhuru. Darasani kwangu aliwahi kuwapo mvulana aliyefiwa na baba yake. Mwezi mzima hakusema neno. Siku alipozungumza, aliniambia kwamba alimchukia baba siku moja, siku ile ya viatu vya Idi. Nilimkumbatia, sikujua la kusema, na mpaka leo najuta kwamba sikujua.

Mwaka 1997 nilikuwa na miaka tisa, naishi kwa bibi mzaa mama, kijijini upande wa Pangani. Mama alikuwa na kibarua Tanga mjini na alikuja kila mwisho wa mwezi. Vuli ya mwaka uliotangulia ilikuwa imekosa mvua. Mahindi yalikauka yakiwa kimo cha goti, na kisima chetu kilishuka mpaka ikabidi kuunganisha kamba mbili. Kazi yangu ilikuwa maji. Asubuhi kabla ya shule safari mbili, jioni safari mbili, dumu la lita kumi juu ya kata ya khanga kuukuu. Jioni foleni ilikuwa ndefu, na maji ya mwisho yalikuwa tope, unasubiri yatulie ndipo uchote na kopo. Nilikuwa na kidonda utosini kisichopona kwa sababu kila siku dumu lilikikalia.

Sikumlaumu mtu. Nilikichukia kile kisima kama unavyomchukia mtu. Jioni moja nikiwa wa mwisho, hakuna anayeniona, niliinama mdomoni pake na kusema nataka mvua inyeshe mpaka nisichote maji tena. Nilisema mara tatu, na mara zote tatu kisima kilinirudishia sauti. Kisha nikavua bangili ya shanga aliyoniletea mama, nikaidondosha ndani. Niliisikia ikigusa maji. Nilikuwa sijawahi kutoa kitu changu cha thamani kwa ajili ya jambo lolote, na nikarudi nyumbani na uhakika kwamba biashara imefanyika.

Mvua zilianza Oktoba. Wenye umri wangu mnazikumbuka, zile za El Niño. Wiki mbili za kwanza zilikuwa furaha tupu. Bibi alikuwa na chumba kimoja cha bati. Tukaweka pipa chini ya mchirizi, sufuria, ndoo, hata beseni la kufulia, vyote vikajaa na kumwagika. Sikwenda kisimani hata mara moja. Nilikaa barazani nikiangalia maji yanavyojileta yenyewe, na niliona fahari kubwa kwamba hakuna anayejua ni kazi yangu.

Halafu hazikukatika.

Kilichofuata ni kile kinachofuata kila mara maji yakizidi kwenye kijiji chenye visima vifupi na vyoo vya shimo, ingawa wakati ule sikukielewa. Ardhi ilishiba. Vyoo vikajaa kutoka chini, vikafurika, na yaliyokuwa ndani yakateremka na mteremko kwenda kwenye visima. Ukingo wa kisima chetu ulimeguka upande mmoja. Kipindupindu kilikuwa kimekwisha kutembea nchini tangu mwanzoni mwa mwaka ule, kwa hiyo bwana afya alipopita hakubembeleza mtu: kisima kisiguswe, maji yote yachemshwe, hata ya mvua. Maji salama yakawa ya bomba moja lililokuwa mlimani, umbali maradufu ya ule wa kisimani, kwa njia ya tope linalovua ndala. Na yakifika nyumbani yachemshwe, kwa kuni mbichi zinazotoa machozi kabla ya kutoa moto. Barabara ya kwenda Tanga ilikuwa ya udongo, ilikatika. Mama hakuja mwisho wa Oktoba wala wa Novemba. Mafuta ya taa yakapanda bei, tukawa tunalala mapema.

Usiku mmoja nyumba ya rafiki yangu ilianguka. Ilikuwa ya fito na udongo, na udongo ulikuwa umelowa mpaka ukalainika kama ugali. Walitoka wote wazima, lakini vyombo, unga, madaftari, vyote vilibaki chini. Wakaja kwetu. Yeye akalala mkeka mmoja na mimi, na akaanza kukohoa. Kila alipokohoa nilijua ni mimi. Nilikaa na siri hiyo siku nyingi, na nakumbuka kwamba sikuogopa kupigwa. Niliogopa kwamba rafiki yangu akijua, atahamia mkeka mwingine.

Mwishowe nikamwambia bibi. Tulikuwa jikoni wawili tu, tunachemsha maji, moshi umetanda, na labda nilithubutu kwa sababu ya moshi, kwani hakuna aliyeweza kuona ni nani anayelia. Bibi hakucheka. Aliniuliza niliomba kwa maneno gani, nikayarudia. Akaniuliza nilikipa kisima nini. Nikamtajia ile bangili. Akasukuma kuni, akanyamaza kidogo.

"Mjukuu wangu," akasema, "mvua hii inanyesha mpaka Mombasa. Inanyesha mpaka Kilwa. Wewe ulitoa bangili moja. Mungu hahongwi bangili."

Nikaona ni kweli. Sikuwa nimefikiria Kilwa.

"Lakini kuchota maji ulikuwa hutaki," akaendelea. "Hilo ni lako. Sasa mama yake rafiki yako hana hata dumu, lao limefukiwa. Kesho ukitoka kuchota yetu, utarudi kuchota na yao."

Nilichota. Safari nne zikawa sita, mlimani na kurudi, mpaka mwezi wa pili mwakani. Lakini usiku ule ule wa jikoni nililala usingizi mzito, na rafiki yangu alipokohoa nilimfunika shuka, nikageukia upande wa pili.

Miaka mingi baadaye, nikiwa chuoni, nilikuta maelezo ya mvua zile. Maji ya Pasifiki yalikuwa yamepata joto kupita kiasi, na Bahari ya Hindi nayo, upande wetu ikapata joto huku upande wa Indonesia ikipoa. Mvuke wote ukaja kumwagika Afrika Mashariki. Wanasayansi walikuja kuieleza tabia hiyo ya Bahari ya Hindi mwaka 1999. Niliusoma ukurasa ule mara mbili. Nilikuwa mtu mzima, nina mchumba, nina akaunti ya benki, na bado kuna kitu kifuani kilicholegea.

Katika usiku wa mvua zile, taa ikiwa haina mafuta, bibi alitusimulia hadithi nyingi. Mchana alikuwa hasimulii hata umpe nini. "Hadithi, hadithi!" anaita, nasi gizani tunaitikia, "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea!" Ile tuliyoiomba mara nyingi kuliko zote ni ya maskini na paa, yule mnyama wa porini. Ni hadithi ya kale ya Unguja. Edward Steere, mmisionari aliyekuja kuwa askofu, aliandikiwa na kusimuliwa hadithi nyingi na wenyeji na kuzichapisha London mwaka 1870, na hii imo kwa jina la Kisa cha Sultani Darai. Nilipokuja kukisoma nilistaajabu jinsi bibi, ambaye hakuwahi kukigusa kitabu hicho, alivyokuwa nacho karibu chote kichwani.

Maskini mmoja kazi yake ni kupekua jaani atafute punje za mtama. Siku moja anaokota thumuni, ananunua paa mdogo, watu wanamcheka: chakula chako mwenyewe cha kuokota, huyo utamlisha nini? Paa anasema kama mtu. Anaomba ruhusa ajitafutie majani mchana na kurudi jioni, na huko porini anaokota almasi. Hampi bwana wake. Anaipeleka kwa sultani wa mji wa mbali, anasema ametumwa na Sultani Darai, na kutokana na uongo huo anamfanyia bwana wake kila kitu: anamwogesha, anamvisha, anamwoza binti wa sultani, anamuua nyoka wa vichwa saba na kumpa bwana wake nyumba ya nyoka huyo ikiwa na mali yake yote. Sisi watoto hapo ndipo tulipokuwa tunapapenda. Kila mmoja wetu alitaka paa. Mimi nilimtaka wa kuchota maji.

Kisha paa anaugua. Anamtuma bikizee aliye nyumbani mle kwa bwana: mwambie naumwa, kichwa, mwili, naumwa. Bwana anajibu mpikieni uji wa mtama mwekundu, ule wa kulisha farasi. Bikizee analia, mke anamsihi mumewe, naye anasema huyo paa si nilimnunua kwa thumuni? Paa anakufa kwa huzuni, anatupwa kisimani. Usiku ule mke anaota yuko kwa baba yake, na kukicha yuko huko kweli. Mume anaota yuko jaani anapekua. Anaamka, yuko jaani, anapekua.

Bibi alipofika kwenye uji alikuwa anapunguza sauti. Nimewasikia wasimulizi wengi, na walimu wenzangu, wakiimalizia hadithi hii kwa kusema basi watoto, tamaa mbaya. Naomba kubishana nao. Maskini yule hakuadhibiwa kwa kutamani. Kutamani hakukumnyima kitu. Alipata mke, nyumba na jina. Alipoteza vyote kwa bakuli la uji. Alipewa kitu chenye uhai, na siku kilipomhitaji akahesabu bei aliyokinunulia. Tukiwaambia watoto hadithi hizi ni za kuwakataza kutamani, tunawafundisha kuziogopa nyoyo zao, na mtoto anayeuogopa moyo wake ndiye huyo asiyekula siku tatu.

Lucian wa Samosata, aliyeandika kwa Kigiriki katika karne ya 2, ana kisa ambacho kila mtoto aliyewahi kutumwa maji angekielewa. Kijana Eucrates anasafiri na mganga wa Misri, Pancrates, ambaye huchukua mchi, anauvisha nguo, anasema neno, mchi unatembea na kufanya kazi zote. Kijana anajificha gizani, analidaka neno. Kesho yake mganga akiwa sokoni, anautuma mchi ukachote maji. Unachota. Mtungi unajaa, anauambia basi. Haubasi, nyumba inajaa. Anachukua shoka na kuupasua katikati, na vipande viwili vinainuka kila kimoja na mtungi wake. Mpaka mganga anarudi na kuvinyamazisha. Sehemu iliyonigusa zaidi ni ile ya mwisho. Eucrates, sasa mzee, anaulizwa kama bado anaujua ule uganga, naye anajibu kwamba anaujua nusu: kuuanzisha anaweza, kuurudisha uwe mchi hawezi.

Yupo pia Mwingereza Edith Nesbit, ambaye mwaka 1902 alitoa kitabu cha watoto walioshinda mashimo ya kokoto huko Kent na kufukua kiumbe cha mchangani chenye uwezo wa kuwatimizia ombi moja kwa siku, nalo huisha jua likizama. Wanaomba uzuri, mdogo wao hawatambui na mtumishi anawafungia nje na njaa yao. Wanaomba dhahabu, hakuna duka linaloipokea. Lakini ombi ninalolifikiria tangu usiku ule si la dhahabu. Siku moja mkubwa mmojawapo, amechoshwa na mdogo wao mchanga, anasema laiti watu wengine wangemtaka huyu mtoto, sisi tupumue. Basi kila anayekutana nao anamtaka. Anamtaka bibi tajiri mwenye gari la farasi, wanamtaka wasafiri njiani, kila mmoja ananyoosha mikono. Na wale waliochoka naye asubuhi wanashinda mchana kutwa wakimng'ang'ania.

Sikumsimulia binti yangu lolote kati ya haya usiku ule. Nilikuwa na saa moja tu kabla ya kurudi wodini. Nilikaa sakafuni tukawa usawa mmoja, nikamuuliza alivyoniuliza bibi: uliomba kwa maneno gani? Akayarudia. Nikamwambia kwamba ndani ya mapafu ya mdogo wake wameingia wadudu wadogo wasioonekana, na kwamba wadudu hao wanaingia vifuani mwa watoto kila siku, watoto ambao dada zao hawajang'oka jino. Akauliza kama wapo wasio na dada kabisa. Nikamwambia wapo, wodini kwa mdogo wako peke yake wapo watatu. Hilo lilimfikia. Nilimwona akiwahesabu.

Kisha nikamuuliza kwa nini alitaka mtoto arudi. Akasema kila akiongea anaambiwa nyamaza, mtoto kalala. Kila akiamka anaambiwa subiri, mtoto ananyonya. Hakusema kwa kulalamika; alikuwa anatoa taarifa. Na zote zilikuwa kweli. Miezi mitano tulikuwa tumemfundisha kwamba nyumba hii ina nafasi ya mtoto mmoja, kisha tukashangaa kwamba ameelewa. Sehemu hiyo ilikuwa yangu na ya baba yake. Nikamwambia hivyo, kwa maneno hayo, na nikamwambia pia kwamba mdogo wake hakutoka hospitali, alitoka tumboni mwangu, mahali pale pale alipotoka yeye. Akaniomba nimwonyeshe.

Alikula uji nusu bakuli, umepoa.

Mtoto aliruhusiwa siku ya sita. Tulipewa amoksilini ya vidonge vile vinavyoyeyuka, kimoja saa mbili asubuhi na kimoja saa mbili usiku, kwa siku zilizobaki. Nikampa dada yake kazi hiyo. Si ya kuigiza. Nilimwambia mimi nimechoka na naweza kusahau, na ilikuwa kweli. Tukachora saa mbili kwenye karatasi, mkono mfupi wapi na mrefu wapi, tukaibandika chini ya saa ya ukutani. Yeye ndiye aliyekuwa anaita. Anaosha mikono, anaweka kidonge kwenye kijiko, anadondosha maji yaliyochemshwa, anakitazama kinavyobomoka na kuwa maziwa, kisha ananikabidhi kijiko kwa mikono miwili. Asubuhi ya pili nilikuwa usingizini. Aliniamsha kwa kunishika shavu: "Mama, saa mbili." Ilikuwa saa mbili kasoro dakika moja.

Wapo watakaosema mtoto wa miaka sita asibebeshwe dawa. Nakubali kwamba kijiko lazima kipite mkononi mwa mtu mzima, na kila mara kilipita. Lakini nilikumbuka dumu la rafiki yangu. Kuambiwa huna hatia kunamtua mtoto mzigo, ila mikono yake inabaki mitupu, na mikono mitupu ya mtoto aliyeogopa hurudi kuutafuta ule mzigo. Bibi alijua kuiwekea mikono yangu kitu kingine cha kushika.

Sasa mdogo ana miezi tisa. Anatambaa, anakamata kila kilicho sakafuni na kukipeleka mdomoni. Jumamosi iliyopita jino la pili la dada yake lilitoka, la juu. Nilikuwa uani nachambua mchicha, mdogo kwenye mkeka pembeni yangu. Dada mtu akasimama mbele ya nyumba, jino kafumba mkononi, akaniambia nisisikilize. Nikainamia mchicha. Midomo yake ilicheza kidogo, akarudi nyuma hatua mbili, akarusha.

Ti. Halafu, badala ya kimya, ti, ti, ti, likawa linarudi kwa mfereji wa bati, likadondoka ukingoni mwa mkeka. Mdogo aliliona kabla yangu. Nilikuwa bado natafuta pa kuweka ungo, dada yake alikuwa amekwisha piga magoti, mkono mmoja kamshika kisogo, kidole cha mkono wa pili kipo ndani ya mdomo, anachokoa taratibu kama anavyoniona mimi nikifanya. Akalitoa likiwa limelowa mate. Mdogo akaangua kilio. Akampa kijiko chake cha plastiki achezee, akaenda bombani, akaliosha jino, akalifunga kwenye pindo la gauni.

"Nitarusha akilala," akasema.